"Augment" ni kuongeza, kuzidisha, au nini hasa?

MfasiriChipukizi:
Habari za kazi, wanajukwaa. Naombeni msaada wa neno moja la Kiingereza, "augment". Kamusi ninayoitumia imeandika "ongeza, zidisha, kuza", basi. Nami nikachukua la kwanza.

Nilikuwa natafsiri maelezo ya programu ya kompyuta inayosoma picha za eksirei. Kiingereza kilisema programu hiyo ita-augment kazi ya madaktari. Nikaandika: "Programu itaongeza kazi ya madaktari." Niliisoma mara tatu kabla ya kuituma, sikuona kasoro. Jioni mteja akanipigia kuuliza kwa nini daktari anunue kitu cha kumwongezea kazi. Nilikosa la kujibu, maana ndivyo nilivyoandika.

Nimeirekebisha kwa haraka lakini sijaridhika. Neno hili lina nini ambacho "increase" haina? Na asili yake ni ipi?

MpendaKamusi:
Pole sana, ndugu yangu. Kosa hili nalijua vizuri, kwa sababu kamusi nyingi huyatia maneno haya kwenye kapu moja na kumwachia mfasiri achague.

"Increase" husimama bila kuhitaji mtendwa: bei zinapanda zenyewe, watu wanaongezeka, na neno linatosha. "Augment" karibu kila mara hutaka kitu kinachoongezea na kitu kinachoongezewa. Na hicho kinachoongezewa huwa tayari kipo, tayari kinafanya kazi yake. Mtu mwenye mshahara akianza kufundisha jioni, ana-augment kipato chake. Mshahara uko palepale, haujaguswa. Kuna kingine kimekuja kuketi juu yake. Ndiyo maana mara nyingi utaona "with" ikifuata, kutaja kilicholetwa. Ni neno la maandishi rasmi zaidi. Kwenye mazungumzo ya kawaida Mwingereza atasema tu "add to".

Kuhusu asili: Kiingereza kililipata kwa Kifaransa, "augmenter", kabla ya mwaka 1500, na mzizi ni kitenzi cha Kilatini "augere", kuongeza au kustawisha. Ukoo wake ni mpana. Mnada, "auction", umo, kwa sababu bei hupandishwa hatua kwa hatua. Mwandishi, "author", yumo, kwa maana ya anayekifanya kitu kiote. Hata mwezi wa Agosti umo, kupitia Augustus, jina la heshima alilopewa Octavian mwaka 27 KK.

Lakini wa kukufaa wewe ni "auxilium", yaani msaada. Naomba utulie hapa kidogo. Warumi walikuwa na majeshi yao makuu, halafu vikosi vya pembeni walivyoviita "auxilia", askari wa kuongeza nguvu. Neno hilohilo ndilo lililozaa "auxiliary verb", ambacho sisi shuleni tumefundishwa kukiita kitenzi kisaidizi. Chukua "alikuwa anasoma". Hiyo "alikuwa" hainyang'anyi "anasoma" kazi yake, wala haimzidishii msomaji kusoma. Inasimama kando na kuipa sentensi wakati. Kwa Kilatini kuongeza na kusaidia vilitoka tumbo moja, kwa hiyo ukisema programu "itawasaidia" madaktari hujalikimbia neno hata kidogo.

Mimi ningeandika: "Programu itawaongezea madaktari nguvu katika kazi yao." Tazama -e- ya kauli ya kutendea ilivyobeba mzigo. "Kuongeza kazi" ni kumtwisha mtu. "Kumwongezea mtu nguvu kazini" ni kumtua. Herufi moja hiyo, na ndiyo iliyokukosesha usingizi.

"Zidisha" iogope kabisa hapa. Nje ya hesabu inanukia kupita kiasi, kama mtu aliyezidisha chumvi.

MwanafunziWaIsimu:
Mkuu hapo juu amemaliza, mimi naongeza jambo kutoka darasani. Katika sarufi ya Kigiriki cha kale, "augment" ni jina la kile kiambishi "e-" kinachotangulia kitenzi cha wakati uliopita: "lyo" ni nafungua, "elyon" ni nilikuwa nafungua.

Na wanaisimu wa Kibantu wamelichukua jina hilohilo kwa irabu ya mbele ya nomino. Sisi tunasema "mtu". Kizulu husema "umuntu", Kiganda "omuntu". Ile u- au o- ya mwanzo ndiyo "augment", na Kiswahili hakina. Kinachonivutia ni kwamba katika Kiganda huja na kuondoka: "ndabye omuntu", nimeona mtu, lakini ukikanusha, "sirabye muntu", irabu imetoweka na nomino bado ni nzima. Inakubaliana kabisa na maelezo ya MpendaKamusi: kilichoongezwa kikiondoka, chenyewe kinabaki.

Kuna na binamu wa upande wa Kiingereza chenyewe, "eke", la mzizi uleule wa zamani sana. "An eke name" lilikuwa jina la nyongeza. Watu wakalitamka kwa pamoja mpaka ile "n" ikahamia neno la pili, ndipo tukapata "nickname".

MfasiriChipukizi:
Asanteni mno, sikutegemea kufika mpaka Kiganda. Niongeze swali: "augmented reality" je? Nimeona "uhalisia ulioongezwa" na "uhalisia ulioboreshwa".

MpendaKamusi:
"Ulioboreshwa" siipendi, maana inadai uhalisia ulikuwa na kasoro. Angalia ilikoanzia. Tom Caudell na David Mizell wa Boeing walieleza mwaka 1992 kifaa cha kuvaa kichwani cha kumwonyesha fundi michoro ya nyaya juu ya ubao halisi ulio mbele yake. Ubao ni uleule, nyaya ni zilezile, mchoro ndio ulioletwa. Ningesema "uhalisia ulioongezewa", kwa -e- ileile: uhalisia haukuongezeka, umeongezewa kitu. Wengi wameshaizoea "ulioongezwa", na mteja akiitaka hiyo mpe, ila mara ya kwanza inapotokea weka maelezo mafupi.

MfasiriChipukizi:
Nimeelewa. Nimetuma upya: "Programu itawaongezea madaktari nguvu katika kusoma picha, uamuzi unabaki kwa daktari." Kipande cha mwisho hakimo kwenye Kiingereza, kwa hiyo nimemwandikia mteja kumweleza kwa nini nimekiweka. Amesema atawauliza wenye programu.