Yule mchambuzi wa asubuhi awaombe radhi makipa wote wa nchi hii, LEO

Wakuu, naandika hapa kituoni, bado natetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa redioni anayecheka kabla hajamaliza kusema. Leo asubuhi nimo kwenye daladala natoka Mbagala, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni kwangu, dereva kafungulia redio mpaka vioo vinatetemeka. Mada ni makipa bora waliowahi kutokea Bongo. Msikilizaji kapiga simu, kamtaja Juma Kaseja. Jamaa akasema, "Kaseja alikuwa mfupi mwenye bahati." Halafu AKANYWA CHAI. Fyuuu, kwenye maiki, tumesikia wote. Gari zima likacheka. Konda kacheka mpaka tukapitilizwa kituo.

Bahati! Halafu chai!

Agosti 2003, Cairo. Simba na Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika. Dar tuliwafunga 1-0, kwao wakaturudishia 1-0, ikaja penati. Golini kasimama kijana mbichi, uwanja mzima unamzomea kwa Kiarabu. Akapangua, Simba ikapita 3-2, Zamalek kwaheri. Haya, tuseme ile ilikuwa bahati. Agosti 2019, Kasarani pale Nairobi, kufuzu CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Kenya na sisi hakuna aliyeona nyavu, penati tena. Golini nani? Yuleyule, sasa kaka mkubwa wa klabu ya KMC. Taifa Stars 4-1. Mwezi uliofuata Dar, Burundi, kufuzu Kombe la Dunia, penati tena: 3-0. Burundi hawakufunga HATA MOJA. Bahati gani inakaa na mtu miaka 16? Ndoa zenyewe hazifiki huko.

Mimi nadaka timu ya mtaa, huu mwaka wa 9. Kidole changu cha pete mkono wa kushoto hakinyooki, kilivunjika kwenye krosi, nikakifunga na mwenzake kwa plasta nikamaliza mpira. Ndicho nilichoshikia bomba la gari wakati yule bwana anakunywa chai.

Straika akipaisha, uwanja una mashimo. Kipa akiokoa, bahati. Akifungwa, kahongwa.

Angesema hajui kutoka langoni tungebishana. Lakini fyuuu? Baada ya Cairo, fyuuu?

Kibuyu_Cha_Asali: Chai amekunywa yeye, povu linakutoka wewe.

Mama Pweza: Hahaha mpaka konda kapitiliza. Mleta uzi pole, ila na hii nayo chai, umeitunga.

Mleta uzi: Sio chai! Waliokuwemo kwenye lile gari waje waseme hapa.

Mzee wa Kona Fupi: Umeruka 2013 makusudi. Simba hawakumwongezea mkataba, Novemba akasaini Yanga, Desemba kwenye Mtani Jembe, ile mechi ya watani, akala 3-1 kutoka kwa Simba haohao. Ile nayo tuiite nini?

Mleta uzi: Tuiite mechi moja! Kipa anahesabiwa mechi moja miaka kumi. Mtu kabeba jina la Tanzania One, kipa namba moja wa taifa, tangu mnasoma shule, mnamkumbusha Mtani Jembe. Na hata yule mchambuzi angeitaja hiyo ningemheshimu. Yeye alichotaja ni bahati. Akanywa chai.

Otieno wa Umoja: Hiyo ya Kasarani usinikumbushe buda. Nilikuwa ndani. Tulitoka tumenyamaza kama watu wa matanga, na matatu zikapandisha fare hapo hapo.

Nyavu Ndogo: Mnalilia Kaseja aliyemaliza kazi yake vizuri. Mimi nalia na Manula, kipa wa Simba wakati ule. Tarehe 5 Novemba 2023, katoka kwenye majeraha, wanamtupa kwenye dabi na Yanga moja kwa moja, akala 5-1. Mabeki walikuwa wapi? Aliyempanga yuko wapi? Lawama zote kwa nyanda.

Kibuyu_Cha_Asali: Tano! Jamani mlisema tusitaje tena.

Mzee wa Kona Fupi: Yote hayo madogo. Makipa wa nje! Yanga wakamleta Diarra wa Mali, Simba wakamleta Camara wa Guinea, Azam wakamleta Mustafa wa Sudan. Kijana wetu adake wapi, kwenye mazoezi? Halafu Stars ikifungwa tunaulizana makipa wameenda wapi.

Nyavu Ndogo: Diarra muache kabisa. Yule anapiga pasi kuliko viungo wenu.

Mama Pweza: Mleta uzi, kituo gani mlipitilizwa?

Mleta uzi: Mtoni kwa Aziz Ally. Lakini tunaongelea Kaseja jamani.

Mama Pweza: Makonda wa njia hiyo ndio zao! Juzi wamenishusha njiani na ndoo mbili za dagaa, eti gari linageuza. Nauli hawarudishi. Nikaambiwa nisubiri la nyuma, la nyuma likaja limejaa mpaka mlangoni.

Bi Mkubwa Temeke: Kukatisha ruti! Mwanangu kachelewa mtihani kwa mchezo huohuo.

Otieno wa Umoja: Kumbe hata huko? Huku wanakushukisha Muthurwa na ulilipa mpaka tao.

Mleta uzi: Kidole changu hakinyooki na nyie mnaongelea dagaa.

Bi Mkubwa Temeke: Dada Pweza, hilo gari lilikuwa na rangi gani kwa ubavuni? Kama lina maandishi mekundu nyuma, ndilo lilelile, na konda wake ana chenji yangu ya elfu mbili.