Nilihifadhi Qur'ani nikiwa na miaka 15, sasa napotea katikati ya swala. Naomba ushauri kabla ya Ramadhani

MwanaKibokoni (Mombasa, Machi 2022)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu hamjambo. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Mji wa Kale. Asubuhi nasomesha watoto chuoni (madrasa), mchana nashika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Qur'ani nilihifadhi nikiwa na miaka 15, na tangu 2009 nilikuwa nikiswalisha tarawehe, zile swala za usiku za Ramadhani, kila mwaka bila ya kukosa. Mpaka 2020.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Shule zilipofungwa tu mwezi wa Machi, mke wangu alichukua watoto akenda nao Lamu kwa mamake. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, wakabaki huko huko. Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, ikaja zamu ya mtaa wetu wenyewe: vizuizi, askari, na kafyu juu yake, mwezi mzima. Misikiti imefungwa, baraza zimefukuzwa watu. Mke wangu hakurudi mpaka Julai. Miezi mitatu nilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili, mimi na birika.

Siku ya Idi nilipiga kanzu pasi, nikajifukiza udi, nikaswali sebuleni. Kisha nikakaa kitini na kanzu yangu mpaka alasiri, sijui namngoja nani. Hiyo ndiyo picha iliyo wazi. Siku nyingine zote zimeshikana kama tende za gunia. Ukiniuliza wiki fulani nilifanya nini, sina jibu.

Tangu pale kichwa hakijarudi. Mwezi jana nilimwandikia mteja simiti mifuko 15 badala ya 50, naye yuko mbele yangu akiitaja hesabu kwa sauti. Kitabu nasoma ukurasa mmoja mara tatu. Si kwamba nalia au nina majonzi ya kuonekana, ila hakuna kinachonikolea. Barazani nikikaa nusu saa nataka kurudi ndani, mimi ambaye zamani ilibidi mtoto atumwe aje aniite chakula kimepoa.

Wiki iliyopita imamu wetu aliumwa nikasukumwa mbele, swala ya Isha. Nikaanza sura ya Al-A'raf, kisa cha Musa na wachawi. Nilipofika pale wachawi wanapoanguka kusujudu, ulimi ukaingia sura nyingine, Ash-Shu'araa, maana aya zile zinafanana, na nikaenda huko aya tatu nne. Mzee mmoja wa safu ya kwanza akanirudisha. Nikarudi, nikapotea tena pale pale. Nikarukuu.

Kila hafidh (aliyehifadhi Qur'ani) anateleza mahali hapo, najua. Lakini kuteleza na usijue kwamba umeteleza, hilo halijawahi kunipata.

Sasa serikali imeruhusu misikiti ijae tena, watu wana shauku, na kamati imenipangia tarawehe mwezi mzima. Je, nikatae? Ni umri? Au ni ule upweke ungali unanila mpaka leo? Na hali hii huondoka?

Mpiga_Makasia

Nimeweka kiti hapa, nasubiri wajuzi. Pole sana ustadh.

Abuu_S

Samahani sheikh, nitasema kweli. Qur'ani haikai katika moyo wenye maasi. Tubu kwanza, mengine baadaye. Hizi habari za upweke ni za wazungu.

BintMakunduchi (Maskati)

Abuu_S, toba kila mtu anaihitaji, nawe umo. Lakini Mtume (SAW) alimfananisha mwenye Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia anabaki nao, akiwaachia wanakwenda zao. Hakusema kuwa wamekimbia kwa dhambi zake. Na huyu ndugu alifungiwa yeye, ngamia wakaachwa nje.

Kaka yangu, mimi niko Oman. Matrah ilifungwa tarehe 1 Aprili 2020 na sisi tulikuwa ndani yake. Mama yangu ana miaka 71, alikuwa akijua namba za simu za watoto wote saba kwa kichwa, hata alikuwa akitucheka sisi wa kutafuta kwenye simu. Tulipokuja kufunguliwa akawa anauliza kila siku, "Leo Ijumaa?" Jumatatu anauliza, Jumanne anauliza. Nikajua basi, mama ndiyo ameshaanza.

Ndugu yangu mmoja akaleta shauri. Kila mtoto ana siku yake ya kumpigia, na ni marufuku kumuuliza hali, maana jibu ni "alhamdulillahi" na mazungumzo yamekufa. Lazima umuulize kitu cha kukitafuta kichwani: boko boko linapikwaje, nani alimwoa nani Makunduchi kabla ya Mapinduzi. Ilichukua miezi. Namba za simu hazikurudi zote. Ukoo umerudi wote, na fitina zake.

NesiTemeke (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi ni muuguzi, si daktari wa akili, kwa hiyo nichukulie hivyo. Huku kwetu hatukufungiwa ndani, mambo ya kukaa miezi mitatu na birika nayasoma kwako. Lakini wagonjwa wenye malalamiko kama yako nawaona.

Kwanza, hujawa mzee. Miaka 38!

Pili, unachokiita kusahau huenda nusu yake si kusahau. Yule mteja alisema 50, masikio yakasikia, lakini akili ilikuwa kwingine, kwa hiyo 50 haikuingia kabisa. Kitu ambacho hakikuingia huwezi kukilaumu kwa kutokutoka. Mtu mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni) mara nyingi halii. Anakuja anakwambia "kichwa kizito, sishiki kitu, hakuna kinachonifurahisha", na ukimwambia ni sonona anakukatalia. Mwezi huu huu Shirika la Afya Duniani limesema kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kutengwa na watu wametaja kuwa sababu kubwa. Kwa hiyo Abuu_S, si habari za wazungu peke yao.

Kuna jambo lilinishangaza nilipolisoma. Kabla ya korona, Wajerumani walipima watu 9 waliokaa miezi 14 kwenye kituo chao cha Neumayer kule Antaktika, barafu kila upande, sura ni zile zile. Walipigwa picha za ubongo kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Sehemu moja ndogo, katika eneo la ubongo linaloshughulika na kuweka kumbukumbu mpya na kujua mahali ulipo, ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 7 hivi. Watu 9 ni wachache na wewe hukukaa miezi 14, usiende kumwambia mkeo ubongo umesinyaa. Nalitaja ili ujue kwamba upweke na siku zisizobadilika vinaweza kuugusa mwili wenyewe, si mawazo tu.

Sasa maswali. Uliugua korona? Maana ugonjwa wenyewe nao unaacha ukungu kichwani, hata kwa ambao hawakulazwa. Unalala saa ngapi? Sukari, presha, damu na tezi ya shingo umepima lini? Hivyo vyote huleta kusahau, na ni vipimo vya kawaida tu. Na je, katika wiki mbili zilizopita kuna siku uliona afadhali usingeamka? Hilo nijibu faragha ukitaka, lakini jibu.

MwanaKibokoni

Ahsante dada. La mwisho: hapana, sijafika huko. Korona sijui. Walipokuja kupima mtaani wengi tulijifungia, tuliogopa kupelekwa karantini. Ladha na harufu sikupoteza. Vipimo sijafanya, nitakwenda. Usingizi ndio aibu: nalala saa nane usiku, simu mkononi. Ilianza wakati ule, kila alasiri nikingoja waziri atangaze idadi ya wagonjwa, kisha usiku kucha nasoma habari za Italia na New York kana kwamba nitaulizwa. Siku zile zimepita lakini mkono bado unaitafuta simu.

Shangazi_wa_London

Hilo la simu mwanangu nalijua mimi. Huku tulifungwa tarehe 23 Machi 2020, naishi peke yangu, watoto wako mbali. Nilikuwa nafungua simu kutazama saa, naiweka chini, na saa sijaiona. Nilichofanya ni cha kijinga tu: nilinunua saa ya mezani yenye kengele, simu ikahamia jikoni. Wiki ya kwanza nilikwenda jikoni mara nyingi mno.

Halafu hizo siku zilizoshikana kama tende usizihesabu kuwa ni ugonjwa. Wataalamu wa Liverpool waliwauliza watu 2020 hiyo hiyo, na zaidi ya asilimia 80 wakasema muda ulikwenda ovyo, kwa wengine ulikimbia, kwa wengine ulisimama. Fikiria mwenyewe, sisi tunakumbuka kwa matukio. "Ilikuwa kabla ya harusi ya Mwanaisha, baada ya maziko ya mzee fulani." Mwaka ule harusi hazikuwapo na maziko hatukwenda. Utakumbukia nini?

Hafidh_Majengo (Mombasa)

Ustadh, nimesoma yote. Wengine wamesema ya ubongo, mimi niseme ya kazi yetu.

Rudi kwenye msahafu ule ule uliohifadhia, si wa simu. Wangu ni wa Madina, mistari 15, na mimi aya naijua iko upande gani wa ukurasa. Kwenye simu unaburuta kwa kidole, ukurasa hauna kulia wala kushoto. Pale pa wachawi pigia mstari: Al-A'raf Firauni anasema *āmantum bihi* (mmemwamini), Ash-Shu'araa ni *āmantum lahu*, maana ni moja. Shika neno hilo moja, litakuonyesha njia. Sunna zako zote, zile swala zisizo za faradhi, swali kwa unachokirudia. Tarawehe usikatae, lakini usichukue zote, mpokezane na kijana, nyuma yako asimame mtu mwenye hifdhi.

Swali langu ni moja. Tangu 2020 nani anakusikiliza?

MwanaKibokoni

Hakuna.

Nilikuwa na mwenzangu, tumesomeana baada ya Alfajiri miaka kumi na tisa. Robo yeye, robo mimi, na akinikamata kosa anagonga goti kwa kidole, hasemi kitu. Alikuwa anakaa nje ya vizuizi. Alikufa mwezi wa Mei, siku ya ishirini na kitu ya Ramadhani, moyo. Maziko watu wasizidi 15. Alizikwa saa tano asubuhi, mimi nikapigiwa simu saa sita. Kaburini nilikwenda mwezi wa Juni.

Sikuwatajia kwa sababu sikuona kama inahusu.

NesiTemeke

Mkuu, ungeanza na hiyo.

Vipimo nenda vile vile. Lakini siku hiyo ukimwona daktari mwambie habari hii kabla ya habari ya simiti. Na hospitali za Pwani zina watu wa kuzungumza nao, mtu asikutishe kwa jina la Port Reitz, hospitali inayojulikana kwa kutibu magonjwa ya akili.

BintMakunduchi

Allah amrehemu. Kaka, umemlilia lakini?

MwanaKibokoni

Sikuwahi. Nimelia sasa hivi hapa dukani, mteja akaniuliza kama ni vumbi la simiti.

Abuu_S

Nisamehe sheikh. Nilisema kwa haraka.

Hafidh_Majengo

Kutoka kwangu mpaka Kibokoni ni mwendo wa miguu tu. Kesho baada ya Alfajiri nitakuja. Tutaanza na Al-A'raf, mwanzo wa sura, polepole, tupite pale pale kwa wachawi. Mimi si yeye na sitajifanya yeye. Goti sitagonga, nitasema kwa mdomo.

MwanaKibokoni

Kamati nimewaambia sasa hivi, tutapokezana watu wawili. Njoo. Kahawa nitachemsha mimi, birika lipo.