SIM800L inazima kila ikitafuta mtandao: betri gani ndogo inafaa?

mita_ya_tangi: Wakuu, nina kifaa cha kupima maji kwenye tangi, kinatuma SMS mara nne kwa siku. Moduli ya kutuma SMS kwa mtandao wa simu ni SIM800L, betri ni ER14505 (lithiamu isiyochajiwa) ya volti 3.6, ujazo 2600 mAh. Multimita inasoma 3.65 V, lakini moduli ikianza kutafuta mtandao inazima na kuwaka upya. Nimeweka kapasita ya 1000 µF, wapi! Nafasi iliyopo ni ya betri saizi AA tu.

Omu Moja: Mkuu, mAh zisikudanganye. ER14505 ya kawaida ni ya mkondo mdogo kwa miaka mingi. Mfululizo inatoa kama 100 mA. SIM800L ikirusha huvuta hadi 2 A kwa milisekunde 0.577, na hurudia kila milisekunde 4.615. Kapasita inasaidia kubeba kilele hicho, ila wastani wake (2 A gawa kwa 8, yaani 250 mA) lazima utoke kwenye betri. Isitoshe moduli inataka 3.4 hadi 4.4 V, na wewe unaanzia 3.65. Multimita haiuoni mdondoko wa volti moduli ikirusha, ni mfupi mno.

fundi_lehemu: Tafuta Li-ion ya kuchajiwa ya 14500 (saizi AA), ya 3.7 V. Usichanganye na LiFePO4, aina nyingine ya lithiamu, ya saizi hiyohiyo: hiyo ni 3.2 V, haifiki. Na iliyoandikwa mAh 2000 au zaidi iache dukani, za kweli ni kama 700 hadi 1000.

Ipime kabla ya kuifunga. Chaji ijae, soma volti, kisha iunganishe na rezista ya oma 2.2, wati 10, kwa sekunde moja na usome tena. Ikishuka kutoka 4.10 hadi 3.90, mkondo ni 1.77 A, kwa hiyo ukinzani wa ndani ni oma 0.11. Hiyo safi. Ukivuka oma 0.2, utapoteza 0.4 V kila ikirusha, rudisha.

Omu Moja: Achana pia na nyaya nyembamba za majaribio na kishikio cha springi laini, vinakula volti zilezile. Lehemu waya mfupi mnene, na kapasita ikae kwenye pini za moduli zenyewe, si upande wa betri.

mita_ya_tangi: Nashukuru. Kuchaji natumia kibodi cha kuchajia cha TP4056, kiko sawa?

fundi_lehemu: Kinakuja na rezista ya kupanga mkondo wa chaji ya 1.2k (oma 1200), yaani 1 A, nyingi kwa betri hiyo. Badilisha iwe 3k, utapata 400 mA.