Programu ya kodi imeleta hasara ya hisa isiyo sahihi

mbeba_boksi: Wakuu habari, niko Marekani, 2023 niliuza hisa kwa hasara ya dola 11,000, zote nilikaa nazo miaka, nikapunguziwa 3,000 kwenye mapato, sasa nimehamia programu nyingine kwa ritani ya 2024 nayo imebeba 11,000 nzima kama hasara iliyobaki, nifanyeje maana barua za IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) sizitaki kabisa

mzee_wa_risiti: Futa uandike mwenyewe mkuu, hizi programu zinasoma PDF ya mwenzake hovyo. Fungua Schedule D (fomu ya faida na hasara za mauzo kama hisa) ya 2023, laini ya 16 hasara yote, ya 21 uliyoruhusiwa. Inabaki 8,000, ikae laini ya 14 ya Schedule D ya 2024, ya hisa ulizokaa nazo zaidi ya mwaka. Hisa za mwaka mmoja kushuka chini ndo laini ya 6, usichanganye.

dada_wa_pwani: Na mtu aliyesahau kuidai hiyo hasara mwaka wa katikati je?

mzee_wa_risiti: Huwezi kuruka dada, kama mapato yalitosha ile 3,000 inahesabika umeshaitumia tu, unarekebisha mwaka huohuo kwa 1040-X (fomu ya kusahihisha ritani), kawaida una miaka 3 tangu ufaili kudai chako.

mbeba_boksi: Imekubali 8,000, shukrani mzee