Tupeane uzoefu: waliofungwa wakiwa watoto, wanaishije ukubwani?

Mwana wa Isevya
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tabora. Juma lililopita mtoto wa jirani yetu, mwenye miaka 15, alikamatwa kwa tuhuma za kuiba baiskeli, na tangu siku hiyo kaka yangu hagusi chakula cha usiku. Kaka ana miaka 36. Aliingia mahabusu akiwa na miaka 16, akakaa na watu wazima miezi kumi na minne, kisha kesi ikafutwa kwa sababu mlalamikaji aliacha kufika. Kwa karatasi ni mtu asiye na doa. Lakini mpaka leo akila huizungushia sahani mkono wa kushoto, ugali wake humalizika sisi tukiwa kwenye tonge la tatu, na hawezi kulala katika chumba ambacho mlango umefungwa. Mke wake wa kwanza alivumilia mlango wazi kwa miaka miwili, hata siku za wageni, mwishowe akarudi kwao. Naomba waliopitia, au wenye ndugu waliopitia, mniambie kama mambo haya huisha.

Binti Ujiji
Hayaishi, dada yangu. Mjomba wangu yuko hivyo hivyo kwenye sahani.

Fundi wa Ipuli
Umenigusa mahali ambapo sijazoea kuguswa. Nilikamatwa nikiwa na miaka 15, lakini katika maelezo niliandikwa 19, kwa sababu aliyenihoji aliniambia kwamba mtu mzima hupata dhamana haraka, nami nilitaka tu kufika nyumbani kabla ya giza. Dhamana sikuipata. Nilihukumiwa miaka mitatu, nikatumikia miwili baada ya kupunguziwa theluthi. Nilitoka nina miaka 17 mwilini na 21 kwenye karatasi, na miaka hiyo minne ya uongo imenifuata kila nilipoomba kitambulisho au kazi. Wenzangu walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilirudi nikiwa najua kuchonga mpini wa jembe na kukaa kimya. Nafasi za ulinzi zilinipita, kwa kuwa walitaka alama za vidole na hati ya tabia njema kutoka polisi. Useremala nilifundishwa na mzee mmoja wa Ng'ambo ambaye hakuniuliza hata siku moja nilikotoka, Mungu amrehemu.

Kinachonitesa zaidi si kazi. Ni kwamba sijui kuchagua. Katika umri ambao kijana hujifunza kujiamulia, mimi niliambiwa saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kwenda haja, na nyapara akamalizia yaliyobaki. Leo mke wangu akiniuliza tupike wali au ugali, jasho linanitoka. Watu hudhani jela humfanya kijana awe mkali. Mimi ilinifanya niwe mtu wa kusubiri amri, na mtu wa namna hiyo hudhulumiwa na kila fundi mwenzake.

Mwenye Duka, Gongoni
Samahani kwa kuingilia. Duka langu lilivunjwa mara mbili na vijana wa umri huo huo, na wa pili alinichoma bisibisi kiganjani. Vidole viwili havikunji mpaka leo na sishiki kalamu vizuri. Madhara yangu ya muda mrefu ataanzishia nani mada?

Binti Ujiji
Pole sana, baba, lakini unaweza kufungua mada yako. Hapa wanaongea waliofungwa.

Mwenye Duka, Gongoni
Sijasema wasiongee. Nasema mwenye kidonda naye ni mtu, na wewe usinifukuze.

Fundi wa Ipuli
Shikamoo, mzee wangu. Binti, mwache aseme, ana haki. Mimi kosa nililitenda. Nilimwibia mama mmoja redio. Nilipotoka nilimfuata kumwomba radhi, akaniambia redio alikwisha isahau, ila hakuwa anajua kwamba nilifungwa miaka kwa ajili yake. Tulilia wote wawili pale uani. Na mkono wako nakupa pole.

Mwenye Duka, Gongoni
Marahaba, mwanangu. Nimekusikia.

Tabibu wa Urambo
Dada wa Isevya, usishangae kwamba kesi ilifutwa na maumivu yakabaki. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya vijana tangu miaka ya 1990 hadi walipokuwa watu wazima. Hata waliofungiwa chini ya mwezi mmoja walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona ukubwani kuliko wasiowahi kufungiwa, na kwa waliozidi mwaka mmoja yaliongezeka mawazo ya kujiua na mwili kushindwa kazi za kawaida. Huko New York kijana Kalief Browder alikamatwa mwaka 2010 akiwa na miaka 16, kwa tuhuma za kuiba begi. Alikaa katika gereza la Rikers Island karibu miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, muda mwingi akiwa peke yake. Mashtaka yalifutwa mwaka 2013. Mwaka 2015 alijiua, akiwa na miaka 22. Kwa hiyo kaka asipokula, msimwite mkaidi. Mpelekeni hospitali azungumze na mtu wa afya ya akili.

Mvuvi wa Kibirizi
Nimesoma tangu jana bila kuandika. Nina miaka 41. Nilifungwa nikiwa na 17, kwa kosa ambalo sitalitaja hapa. Nilipotoka nilishuka ziwani, kwa sababu kwenye mtumbwi hakuna anayekudai barua ya mtendaji. Nimevua dagaa miaka ishirini, nimejenga, nina watoto wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Mwaka jana kijana wangu wa kwanza, wa miaka 14, alikamatwa pamoja na wenzake kwa kupigana mnadani. Nilikwenda kumtoa nikiwa nimevaa kanzu ya Ijumaa ili nionekane mzazi wa maana, nikaketi kwenye benchi pamoja na wazazi wengine. Afande akatokea, akawaambia wale watoto, kwa sauti ya kawaida tu, "Haya, chini wote, tuhesabu." Sikuamua lolote. Nilishtukia nimechuchumaa sakafuni, uso nimeuinamisha, kanzu imeburuzika kwenye vumbi, na wazazi wenzangu wako juu ya benchi wananitazama. Afande alinitazama pia, akaelewa, akasema polepole, "Mzee, inuka." Magoti yalikataa. Mwanangu ndiye aliyeruhusiwa kuja kunishika mkono.

Tulitembea kimya mpaka tulipofika Mwanga, karibu na soko. Akaniuliza, "Baba, ulikaa muda gani?" Nikamwambia miaka minne. Akaniuliza kama usiku nilikuwa naogopa. Tangu nitoke, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Binti Ujiji
Nimeshindwa kuendelea na kazi. Ulimjibu nini?

Mvuvi wa Kibirizi
Nilimwambia ndiyo.

Mama Nzega
Baba, waambie na wale watatu waliobaki, wasije wakaisikia kisimani.

Mzee wa Gungu
Mimi nasema asiwaambie. Mtoto mmoja kujua kunatosha, wadogo watalibeba shuleni. Na huyo kaka wa Tabora ahame, aanze maisha mahali wasikomjua.

Fundi wa Ipuli
Nilihama, mzee. Nilikaa Mpanda miaka mitatu, na kila usiku niliamka kusubiri kuhesabiwa. Kuhusu mlango nina neno: mfungieni kaka komeo kwa ndani, kubwa, lenye kutoa sauti, na asiliguse mtu mwingine. Ukiufunga mwenyewe na kuufungua mwenyewe, mlango unakuwa kitu kingine. Nitalifunga bure.

Mstaafu wa Kasulu
Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii. Turudi kwa mtoto aliyekamatwa, maana bado anaokoleka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza asihukumiwe kifungo. Shauri lake ni la Mahakama ya Watoto, linasikilizwa faraghani, mzazi na afisa ustawi wakiwapo. Mahabusu za watoto ninazozijua ziko mbali nasi, Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na ndiyo maana dhamana ipiganiwe mapema. Kitu cha kwanza ni umri. Tafuteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki leo hii, lisije likamkuta lililomkuta Fundi.

Mwana wa Isevya
Asanteni. Kaka aliisoma habari ya mvuvi mara mbili, kisha akaenda kwa jirani bila kutumwa. Wamepekua na mama wa mtoto mpaka saa nne usiku. Kadi ya kliniki imepatikana chini ya godoro, mchwa wamekula pembe moja, lakini mwaka wa kuzaliwa unasomeka. Kesi inatajwa Jumatano. Kaka anasema atakwenda, ingawa hajakanyaga jengo lile tangu kesi yake ilipofutwa. Fundi, kama utakuwa mjini, naomba usimame naye pale nje, kwenye miembe.

Fundi wa Ipuli
Saa mbili asubuhi nitakuwa pale. Komeo nitalibeba.