Binti yangu anacheza kikapu shuleni. Kuna kinachobaki baada ya shule?

Baba wa Igoma:
Habari za jioni wadau. Binti yangu yuko kidato cha pili, yumo timu ya kikapu ya shule. Anafika nyumbani saa moja usiku, vumbi tupu, daftari hata hajagusa. Mama yake anataka tumtoe. Mliocheza sekondari, ulikuja kuwafaa nini? Ile ya "michezo ni afya" naijua.

Mkuki75:
Mtoe asome, mkuu. Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, lakini wangapi wanafika huko?

Mama Dagaa:
Shikamoo mzee. Nilicheza miaka minne, sasa nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza.

Uwanja wetu ulikuwa wa saruji iliyopasuka. Alasiri upepo wa ziwa ukianza, unarusha mpira unauona unahama hewani. Kocha hakutaka kusikia habari za upepo. "Lenga ubao," basi.

Ila mimi nilifundishwa na benchi. Kidato cha tatu, mchujo wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) wilayani, nilipata faulo ya tano robo ya tatu. Ilikuwa ya hasira: msichana kaninyang'anya mpira, nikamfuata nikamvuta jezi mbele ya refa. Faulo tano umetoka, hurudi tena. Nikakaa, nikajifunika taulo usoni nalia. Kocha akaja akaiondoa. "Namba saba wao akienda kushoto hafungi. Wenzako hawajaona." Nikasimama pembeni nikapiga kelele "Kushoto! Msukumeni kushoto!" mpaka sauti ikakauka. Tulifungwa kwa pointi tatu.

Sasa mwaka juzi mvua ya usiku ilinikuta dagaa wangu wametandazwa mchangani. Kulipokucha wananuka. Nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku, mtaji ukaishia hapo. Wenzangu walidhani nitarudi kwetu. Nilibaki nikichambua dagaa wa mama mwingine kwa ujira wa siku, miezi minne, na mteja wangu wa Kahama nikampeleka kwake ili asipotee sokoni. Nilipopata gunia la kwanza, yule mteja alikuwa bado yupo.

Baba wa Igoma:
Marahaba mwanangu. Pole sana kwa dagaa. Na masomo je?

Mama Dagaa:
Sikufichi, hesabu nilifeli kidato cha pili. Mama yangu hakunitoa, alimfuata kocha mwenyewe wakakubaliana: Jumanne na Alhamisi tu, na saa kumi na mbili kamili niwe njiani. Kocha aliitunza ahadi ile kuliko hata mimi. Nenda ukaonane naye, mzee. Binti anacheza nafasi gani?

Baba wa Igoma:
Nimemuuliza sasa hivi. Kumbe mechi mbili zote alikuwa akiba, hajaingizwa hata dakika moja, na hakuwahi kutuambia. Alhamisi nafunga duka mapema, nakwenda kumtazama.