Kiwanja kinachopakana na Hifadhi ya Arusha au cha Usa River: kipi kinafaa nyumba ya wageni?

Mjenzi_Meru: Wakuu, salaam. Nyumba ni ya vyumba 8. Kiwanja A: ekari 2 Ngare Nanyuki, ubavu mmoja uko mpakani mwa hifadhi, mto uko mita 40 kutoka ukingo wa chini, njia ya ng'ombe inapita katikati. B: ekari 1 Usa River, mbali na mpaka, karibu na lami. Bei zinakaribiana.

Mpima_Ardhi: Kwa A, anza na futi kamba. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Mita 20 za chini za kiwanja zimeshaondoka hapo, na shimo la maji taka lisikae humo. Kisha ile njia. Omba ofisi ya kijiji ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kama njia ya mifugo imechorwa, ni mali ya kijiji; muuzaji hana cha kukuuzia hapo. Ukiiziba, ng'ombe watasukumwa kandokando ya mpaka, wakivuka mchungaji anakamatwa, na kijiji kizima kinakuwa na kesi na wewe. Pima upana unaotumika sasa, uutoe kwenye eneo unalolipia.

Nyayo_za_Tembo: Naongezea la uzio. Upande wa Kisimiri, jirani na Ngare Nanyuki, ndiko ushoroba (njia ya asili) wa tembo kuelekea Longido na West Kilimanjaro. Uzio wa umeme haumalizi tembo, unamhamishia kwenye mahindi ya jirani. Na kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, hupanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka, kwa hiyo jirani wa mpakani anaumia mara mbili. Ukichukua A, zungushia nyumba tu, usizungushie kiwanja chote. Taa zielekee chini, za mwanga wa manjano. Takataka zifungiwe kwenye kizimba chenye mfuniko wa komeo, la sivyo nyani watazoea jiko lako.

Fundi_Mabomba: Vyumba 8, watu 16, lita 100 kila mmoja: lita 1,600 kwa siku. Tangi la maji taka lishike angalau siku mbili, yaani lita 3,200, ongeza nafasi ya tope ufike 5,000. Jiko liwe na mtego wake wa mafuta. Bila huo, mafuta huziba udongo wa shimo la kunyonya, maji hupanda juu, mvua ikinyesha yanaingia mtoni. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Na Ngare Nanyuki usichimbe kisima bila kupima floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi: kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha.

Mjenzi_Meru: Lakini wageni wanataka kuona wanyama.

Nyayo_za_Tembo: Barabara ya Usa River kwenda Ngare Nanyuki inapita ndani ya hifadhi. Ukivuka lango la Ngongongare tu unafika Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi; twiga na pundamilia wako hapo. Mgeni wa B anawafikia asubuhi bila wewe kukaa njiani mwao. Mimi nasema B.

Mpima_Ardhi: Hata B, uliza NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kama mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuchimba msingi. Ukibaki na A, kakague njia jioni ng'ombe wakirudi, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mchana huwezi kujua upana wake.